Glavu na Gripu Huchaguliwa Pamoja

Waendeshaji pikipiki wengi wanaoanza safari za barabara za vumbi huamini kwamba mikono ikiuma, dawa yake ni kuongeza unene: gripu nene (yaani ile mipira ya kushikia kwenye usukani), glavu zenye sponji nyingi, na wengine huvisha hata povu juu ya gripu. Mimi nashikilia msimamo ulio kinyume, kwamba anayekaa muda mrefu juu ya pikipiki katika njia mbovu hustareheka zaidi anapokuwa na vitu vyembamba vinavyomkaa sawasawa.

Sababu iko kwenye kigasha. Sehemu ya kushikia ya usukani wa pikipiki nyingi ina kipenyo cha milimita 22, hata kwa zile ambazo usukani wake umenenepa katikati hadi milimita 28.6. Unene wote unaozidi hapo unatokana na gripu pamoja na glavu. Ukivaa glavu ya sponji na kushika gripu nene, vidole havifungi vizuri, kwa hiyo misuli ya kigasha hukaza muda wote ili mkono usiteleze, kigasha hujaa na kuwa kigumu, na hatimaye vidole vinakosa nguvu ya kuvuta breki wakati inapohitajika. Kwa hiyo mwenye kiganja kidogo anayenunua gripu nene za mpira laini afidie kwa glavu nyembamba; akichukua vyote viwili vinene ajiandae kwa ganzi.

Njia ya kutoka Mto wa Mbu kwenda Ziwa Natron kupitia Engaruka ni kipimo kizuri cha jambo hili, kwa kuwa ina mchanga, mawe, vumbi la majivu ya volkano na zile sehemu zenye mikunjo kama bati, na joto lake si la kawaida. Huko napendelea glavu yenye tabaka moja tu kiganjani, mgongo wa kitambaa kinachopitisha hewa, na vidole vilivyoshonwa vikiwa tayari vimepinda. Sehemu ya kukagua kwa makini ni chini ya kidole gumba: ukikunja ngumi na kuona ngozi ya glavu inajikusanya hapo, lengelenge litaota hapo hapo, hata kama glavu ni ya bei kubwa. Ncha za vidole nazo zisibaki na nafasi tupu, kwani hunasa kwenye mkono wa klachi. Mitumba ya Arusha na Moshi huwa na glavu nzuri za ngozi ya mbuzi, ila ngozi iliyokwisha kukauka na kuchukua umbo la mkono wa mtu mwingine sitaigusa.

Wembamba una gharama yake katika ajali. Kiwango cha Ulaya cha glavu za pikipiki, EN 13594, kina daraja la 1 na la 2, pamoja na alama ya KP kwa glavu zinazokinga vifundo vya vidole, na glavu nyingi nyepesi huishia daraja la 1 au hazina alama kabisa. Kwa kipande cha lami kutoka Arusha hadi Mto wa Mbu, ambako mwendo ni mkubwa, mimi huvaa nzito na kubadilisha lami inapoisha.

Kwa upande wa gripu, nachagua mpira wa ulaini wa kati wenye nakshi ya vijisanduku upande wa vidole na mistari midogo upande wa kiganja, kwa sababu vijisanduku vikizunguka pande zote hushika vizuri lakini huchubua. Ya kulia huwa na tundu pana kuliko ya kushoto kwa kuwa huvishwa juu ya bomba la akseleta, kwa hiyo usikubali kuuziwa mbili za kushoto. Fundi asafishe gundi yote ya zamani, aache uwazi mdogo kati ya gripu na kikasha cha akseleta, kisha azungushe akseleta na kuiachia huku usukani ukikatwa kushoto hadi mwisho na kulia hadi mwisho. Akseleta isiporudi yenyewe mara moja, pikipiki hiyo haitoki gereji.