Mimi nataka maadui weusi wawe wengi kwenye muvi za mashujaa, ila wapewe uso na sababu

Wadau, habari za kitambo. Wiki hii kwenye grupu letu la WhatsApp la Waafrika Mashariki tuliopo huku Georgia, Marekani, kumewaka. Mtu kaweka trela ya muvi ya mashujaa, mwingine akajibu kwamba amechoka kuona mtu mweusi anachezeshwa adui, kwamba wanatuchafua mbele ya watoto wetu, sisi tuwe mastelingi tu basi, na watu kibao wakamuunga mkono. Mimi nikaandika kinyume nikashambuliwa kweli kweli, sasa naona bora niliweke hapa lote kwa nafasi maana kwenye grupu ukiandika mistari mitatu tayari kuna watu wanne wamekukatiza.

Msimamo wangu ni kwamba nataka maadui weusi wawe wengi, na Waasia, na Walatino, tena maadui wakubwa kabisa, wale ambao muvi nzima inazunguka juu yao. Kwenye hizi muvi stelingi mara nyingi ndo mtu wa kawaida kuliko wote, kazi yake kupigwa, kuinuka, kushinda. Mwenye maneno, mwenye historia, mwenye hasira inayoeleweka ni adui. Muigizaji mzuri ukimnyima uadui umemnyima nusu ya kazi. Kinachoniuma mimi ni adui mweusi asiye na jina, asiye na uso, anayetokea dakika tano akiwa na bunduki halafu anarushwa ukutani.

Mnaikumbuka Batman v Superman ya 2016? Mwanzoni kabisa Lois Lane anaenda Afrika, nchi ya kubuni inaitwa Nairomi, yaani wamechukua Nairobi wakabadilisha herufi moja, anaenda kumhoji jenerali mmoja wa waasi anaitwa Amajagh. Vumbi, jangwa, watu wana bunduki, jenerali anaongea kidogo, Superman anashuka na kumpitisha ukutani, kwisha habari. Alikuwa anapigana na nani? Alitaka nini kwa hiyo nchi? Hakuna anayejua na muvi haina haja ya kujua. Mwaka huo huo Captain America: Civil War mapema tu ikatupeleka Lagos, sokoni, adui mkuu pale Mzungu, mashujaa Wamarekani, mlipuko unapiga jengo na wanakufa watu wakiwemo wafanyakazi wa misaada kutoka Wakanda, nchi nyingine ya Afrika ya kubuni. Muvi yote iliyobaki inatokana na vifo hivyo, lakini watu wa Lagos wenyewe wako pale kwa ajili ya kukimbia na kupiga kelele tu. Sasa niambieni, hapo tatizo ni nani kacheza adui?

Na hii inatufuata mpaka kazini jamani. Mimi nafanya shifti ya usiku ghalani, siku moja tuko mapumziko, kijana mmoja wa pale, mtu mzuri tu hana ubaya, akaniuliza kwa upole kabisa kama nilipokuwa mdogo nilishawahi kushikishwa bunduki. Kwetu mimi sijawahi kuona vita. Nikamuuliza umepata wapi hiyo, akasema kwenye muvi si ndo inavyokuwaga. Nilimwelewa, kwa sababu kama maisha yake yote Mwafrika aliyemuona kwenye skrini ni yule wa dakika tano, atanijua mimi kwa njia gani nyingine?

Georgia kama hamjui kwa miaka mingi ilikuwa ndo jiko la hizi muvi. Jimbo lilipitisha sheria 2008 ya kuwapunguzia kodi watengeneza filamu mpaka asilimia 30 ya matumizi yao, kwa hiyo muvi nyingi za Marvel zilipigwa hapa Atlanta na pembeni yake, Black Panther yenyewe ilipigwa hapa 2017. Ndo maana wabongo na Wakenya kadhaa huku wameshafanya uekstra. Rafiki yangu mmoja, Mkenya, alipata nafasi kwenye muvi ambayo jina lake silitaji. Ujumbe ulisema waje wanaume weusi warefu. Akanyoa vizuri, akavaa shati kalipiga pasi, kufika mtu wa mavazi akamvua shati akampa fulana imechanika begani, halafu akaja dada na spanji akampaka vumbi shingoni na mikononi, akarudi nyuma akamwangalia, akaongeza lingine usoni. Wakampa bunduki ya mpira. Alivyouliza huyu mtu ninayemcheza anaitwa nani, wakamwambia hana jina, wewe ukisikia mlio anguka. Ameanguka hiyo siku mpaka kiwiko kikachubuka. Tulivyoenda kuiangalia alionekana kisogo tu. Pesa walimlipa vizuri na simlaumu hata kidogo, mtu ana familia, lakini mwenzangu yule ana digrii na ana sauti nzito ya kutisha hasa, angeweza kuwa adui wa kukukosesha usingizi.

Kuna ujanja mwingine ambao wengi hawaugundui. Unaambiwa muigizaji mkubwa mweusi au Mlatino kapewa uadui, unafurahi, unaingia sinema unakuta wamemfunika. Adewale Akinnuoye-Agbaje, Mwingereza wa asili ya Nigeria, mtu ana uso wa kuigiza na macho peke yake, kwenye Thor ya 2013 kawa dude lenye pembe linaloitwa Kurse, kwenye Suicide Squad ya 2016 kawa mamba. Oscar Isaac, mzaliwa wa Guatemala, 2016 kacheza Apocalypse kwenye X-Men, mhusika ambaye kwenye hadithi ni mtu wa Misri ya kale kabisa, Mwafrika yule! Wakampaka mekapu ya buluu na plastiki mpaka humjui. Jamie Foxx naye, 2014, kawa Electro kwenye The Amazing Spider-Man 2. Kabla hajapata nguvu anaitwa Max, fundi umeme ambaye kazini hakuna anayemuona, siku yake ya kuzaliwa inapita hakuna hata mtu mmoja anayekumbuka. Hiyo ni hadithi ambayo mhamiaji yeyote anaielewa mpaka kwenye mifupa. Halafu wanamgeuza buluu anawaka taa mwili mzima na ile hadithi inapotelea hapo. Aliporudi 2021 kwenye Spider-Man: No Way Home walimuacha na uso wake mwenyewe, na angalieni tofauti, mtu anacheka, anatamba, ana haiba, na mwishoni kabisa anamwambia yule Peter, yaani Spider-Man mwenyewe, kwamba alidhani atamkuta mweusi. Sinema nilipokuwepo ililipuka kwa makofi.

Sasa tuje kwa Killmonger, maana bila yeye huu mjadala haupo. Black Panther, 2018, Ryan Coogler dairekta, Michael B. Jordan ndo adui. Wengi tulienda kwa ajili ya Lupita, kwa ajili ya Daniel Kaluuya ambaye wazazi wake ni Waganda, na Florence Kasumba mzaliwa wa Kampala, tukatoka tunamjadili adui. Kwa sababu yule bwana ni mtoto wa ughaibuni. Baba yake ni mwana wa mfalme wa Wakanda aliyetumwa Oakland, California, akazaa huko, akauawa na ndugu yake mwenyewe, na mtoto akaachwa pale pale kwenye magorofa ya maskini kama vile hana ukoo. Amekua anasimuliwa nchi ambayo haijawahi kumuuliza hali. Anaporudi anarudi na madai, na madai yake ni ya kweli. Nyie mlikuwa na kila kitu, mkajificha, wenzenu wanateseka dunia nzima mnawaangalia.

Mimi nina watoto waliozaliwa huku. Wanajua nyumbani kwa simu na kwa picha. Ile sehemu Killmonger amekunywa dawa ya kifalme, stelingi yeye alipokunywa aliwaona mababu kwenye nyika chini ya mti, huyu anaiona ile ile nyumba ndogo ya Oakland, baba yake amekaa, na dirishani ndo kuna ile mbingu ya Wakanda ambayo hajawahi kuifikia. Niliangalia pembeni binti yangu mkubwa analia. Adui ndo aliyemliza, stelingi hakumgusa kabisa.

Na bado nina ugomvi na hiyo muvi. Waandishi waliona kabisa kwamba huyu jamaa anaongea ukweli mwingi, wakaogopa tutamfuata, wakambebesha mauaji. Anamuua mpenzi wake mwenyewe bila hata kupepesa macho, anamkaba mama mtu mzima koo, anachoma shamba la mimea mitakatifu. Wakati huo huo jamaa wa CIA ndo mtu mwema anayeokoa jahazi. Hapo mimi nakataa. Mtu mwenye hoja nzito namna ile angeshindwa kwa hoja, siyo kwa kurundikiwa damu ili tusimuonee huruma. Ila nawapa haki yao, mwishoni stelingi anabadilika kwa sababu ya adui, anakwenda Oakland kununua yale majengo afungue kituo. Ni maadui wangapi kwenye hizi muvi waliokufa na hoja zao zikashinda?

Baada ya hapo njia ikafunguka kidogo. Black Manta kwenye Aquaman, mwaka huo huo wa 2018, Yahya Abdul-Mateen II, anavaa helmeti kubwa ndiyo, lakini kabla hajaivaa tumemuona anamwacha baba yake amebanwa na chuma kwenye nyambizi inayozama, na shujaa alikuwa na uwezo wa kumuokoa akagoma. Namor kwenye Black Panther ya pili, 2022, Tenoch Huerta wa Mexico, kwenye katuni alikuwa mfalme wa Atlantis, wao wakaamua awe mtoto wa Wamaya waliokimbilia majini kwa sababu ya magonjwa na utumwa wa Wahispania, na ghafla mhusika wa zamani sana akapata damu mpya.

Kwa Waasia ndo usiseme. Iron Man 3 ya 2013 walitutangazia Mandarin, adui mkubwa kuliko wote wa Iron Man, akachezwa na Ben Kingsley, kumbe tumeuziwa mbuzi kwenye gunia, ni muigizaji mlevi aliyekodiwa na adui mwenyewe ni Mzungu. (Kingsley huyu, kwa wasiojua, jina la kuzaliwa ni Krishna Bhanji, na babu yake mzaa baba alikuwa mfanyabiashara wa viungo aliyehamia Zanzibar kutoka India. Kwa hiyo kidogo ni wetu.) Wengine walikasirika, mimi nilielewa, maana yule Mandarin wa katuni alikuwa Mchina wa kutengenezwa na uoga wa Wazungu. Lakini dawa haikuwa kumfuta, dawa ilikuja 2021 na Tony Leung kwenye Shang-Chi. Wenwu amefanya maovu miaka elfu moja, na anachotaka ni kumrudisha mke wake aliyekufa, basi. Ukimwangalia macho unasahau kwamba unatakiwa kumchukia.

Halafu kuna hatua ambayo kwenye grupu hawakunielewa kabisa. Siyo lazima kila adui mweusi abebe utumwa na ukoloni mgongoni. Chukwudi Iwuji, mzaliwa wa Nigeria, kwenye Guardians of the Galaxy ya tatu, 2023, anacheza mtu anayetengeneza viumbe na kuvichoma visipokuwa kamili. Ni mbaya kwa sababu ana kiburi kilichooza, hakuna zaidi. Anaongea Kiingereza cha jukwaani, anapiga kelele, anatetemeka, unamuogopa kwa kipaji chake. Mzungu amekuwa akipewa uhuru huo tangu hizi muvi zianze.

Watu watasema ooh lakini kwenye katuni huyu alikuwa Mzungu. Kingpin pia alikuwa Mzungu na Michael Clarke Duncan akamcheza 2003, na Catwoman alichezwa na Eartha Kitt kwenye televisheni tangu 1967. Ila muulizeni Billy Dee Williams. 1989 alikubali kuwa Harvey Dent kwenye Batman akitegemea siku moja atageuka Two-Face, yule adui mwenye nusu ya uso iliyoharibika, maana ndivyo hadithi inavyokwenda. 1995 siku ikafika, wakampa Tommy Lee Jones. Mzee wa watu akaja kumcheza Two-Face 2017, tena sauti tu, kwenye katuni ya vitofali vya Lego.

Kwa hiyo nikiona mambo ya Kang nakosa raha. Jonathan Majors aliyemcheza alikuwa ndo adui mkuu wa muvi zote za Marvel zilizokuwa zinakuja, mtu mweusi, nafasi ambayo haijawahi kutokea. Desemba 2023 mahakama New York ikamkuta na hatia ya kumshambulia mwanamke aliyekuwa mpenzi wake, Marvel ikaachana naye, na hilo sina la kulitetea. Lakini hawakutafuta mweusi mwingine wa kukaa pale, na vipaji viko tele, Julai 2024 wakatangaza adui mkuu sasa ni Doctor Doom na wa kumcheza ni Robert Downey Jr., Mzungu yule yule aliyekuwa Iron Man. Doom kwenye katuni ni mtoto wa Waromani, wale wanaoitwa "Gypsy", jamii inayonyanyaswa Ulaya mpaka leo, mama yake na kabila lake ndo chanzo cha hasira zake zote. Avengers: Doomsday imepangwa kutoka Desemba 2026, na mimi nitaenda na binti yangu, na jambo la kwanza nitakaloangalia ni kama huyo mama yake Doom ametajwa.