Kabla hujaandika barua ya kuacha hospitali ukafundishe utulivu

Daktari au nesi wa Dodoma anayetaka kuacha zamu ili afundishe utulivu wa akili na mazoezi mepesi mara nyingi huwa na wasiwasi kwamba hajui mikao ya mazoezi. Mikao inajifunzwa. Kinachowashinda wengi ni kuacha kutibu. Mama mmoja akisema goti linamuuma, mkono unaenda wenyewe kulibonyeza, na baada ya dakika tano darasa limegeuka OPD, yaani kliniki ya wagonjwa wa nje, watu wengine kumi wamekaa kwenye mikeka wanasubiri zamu yao.

Chukua suala la pumzi. Ukiwa umeweka stethoskopu mgongoni mwa mgonjwa unamwambia "vuta pumzi kwa nguvu, toa, vuta tena", na inafaa, kwa sababu unataka kusikiliza mapafu kwa muda mfupi tu. Ukiipeleka amri hiyohiyo darasani kwa dakika tatu mfululizo, watu wanatoa hewa ukaa haraka kuliko mwili unavyoitengeneza. Kichwa kinakuwa chepesi, midomo na ncha za vidole zinapata ganzi, na aliyekuja na hofu anaamini presha imepanda, hivyo anazidi kuhema. Waache wapumue wenyewe. Sema "angalia pumzi inasikika wapi zaidi, puani, kifuani au tumboni", kisha nyamaza kwa dakika nzima. Aliyeanza kusikia kizunguzungu afumbue macho, akanyage chini kwa nyayo zote mbili, aongee nawe kidogo. Kuongea kunapunguza kasi ya kuhema. Usimpe mfuko wa kupumulia ndani yake.

Dakika hiyo moja ya kimya ni mateso kwa mtu aliyezoea wodi. Lakini ndiyo somo lenyewe.

Ujuzi wa hospitali unakufaa zaidi kabla ya darasa kuanza. Andaa fomu ya ukurasa mmoja: presha, kisukari, pumu, kifafa, presha ya macho, mimba, upasuaji wa karibuni, kuanguka ndani ya mwaka uliopita, kuvunjika mfupa, matibabu ya afya ya akili, dawa anazotumia, na namba ya ndugu. Kila jibu libadilishe kitu. Mwenye presha ya macho asiinamishe kichwa chini. Mjamzito wa miezi ya mwisho asilale chali muda mrefu. Alalie ubavu wa kushoto, na khanga iliyokunjwa katikati ya magoti. Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenclamide, kidonge cha kushusha sukari, umuulize kama amekula. Akianza kutetemeka na kutoka jasho la baridi, mpe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, maadamu anaweza kumeza, kisha mwangalie tena baada ya dakika 15. Na kama miguu yake imekufa ganzi, asivue viatu kwenye uwanja wa nje. Mbigili za Dodoma zinapenya hata kandambili, na yeye hatasikia.

Presha ikiwa 180 kwa 110 au zaidi, siku hiyo hakuna mazoezi, aende akaonwe. Ikiambatana na maumivu ya kifua, kichwa kuuma sana au kuona ukungu, hiyo ni dharura. Kipimo cha presha kiwe kwenye begi, kisiwe mezani. Kikionekana mezani, wiki ijayo watakuja na majibu ya maabara na bahasha za vidonge, na ukianza kuvisoma ndani ya ukumbi wa kukodi tayari unatibu mahali ambapo si kituo cha afya. Jibu liwe moja kila mara: "Hili lipeleke kwa daktari wako."

Kipindi cha saa moja kinatosha kwa watu wanane hadi kumi na wawili. Dakika tano za kuamkiana, kumi za kukaa na pumzi, ishirini na tano za mazoezi, kumi na tano za kulala na kupitisha usikivu mwilini kuanzia vidole vya miguu hadi utosini, tano za maswali. Mazoezi yaanzie kwenye kiti, hata kwa vijana. Kiti cha plastiki kinateleza kwenye marumaru na miguu yake inapanuka mtu akiegemea nyuma, kwa hiyo kisogeze kiguse ukuta. Mtu akae nusu ya mbele ya kiti, miguu iachane upana wa nyonga, nyayo zirudi nyuma ya magoti kidogo. Aegemee mbele mpaka pua ije juu ya vidole vya miguu, ndipo asukume sakafu na kuinuka huku akitoa pumzi. Ashuke polepole kwa hesabu ya nne. Mara tano, apumzike, mara tano tena. Nyayo zikiwa mbele mno atajirusha. Akibana pumzi na kujikaza, presha inaruka ghafla.

Kuinuka baada ya kulala nako kuna utaratibu, hasa kwa wanaomeza dawa za presha. Ageukie ubavu, akae, asubiri kama dakika moja, ndipo asimame ameshika kiti.

Kufumba macho kuwe hiari. Aliyewahi kupigwa au kushambuliwa anaweza kushikwa na hofu kali akifumba macho gizani. Mwambie aangalie sakafu kama mita moja mbele yake. Utulivu hauchukui nafasi ya dawa. Anayesikia sauti, asiyelala siku kadhaa huku akijiona ana nguvu za ajabu, au anayezungumzia kujiua, msindikize kwenye huduma. Mirembe, hospitali ya afya ya akili, iko hapahapa mjini, ila watu wamelifanya jina hilo tusi, kwa hiyo sema "kliniki ya afya ya akili" na uende naye.

Mzee umwamkie shikamoo kabla ya kumwambia alale chini, na usimguse kumnyoosha bila kumuomba. Watauliza kama hii ni dini. Onyesha: hakuna nyimbo, hakuna ubani, hakuna maneno ya kurudiarudia. Mama anayevaa dera avae suruali ndani. Darasa la wanawake peke yao linafaa kuwapo. Saa kumi na moja jioni inawafaa wanaotoka ofisini Mtumba, kwenye mji wa serikali, na unamaliza kabla ya magharibi. Juni na Julai sakafu ya saruji ni baridi na upepo umebeba vumbi, adui wa wenye pumu: mwagia maji kidogo, fagia mapema, tandika mkeka na blanketi. Msimu wa mvua, bati likianza kupigwa hakuna atakayekusikia, kwa hiyo kubalianeni ishara za mikono mapema.

Mtaalamu aliyeingiza mambo haya hospitalini, Jon Kabat-Zinn, hakuwa daktari wa wagonjwa bali mwanabiolojia wa molekuli. Mwaka 1979, katika shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, alianzisha programu ambayo sasa ni ya wiki nane, na wagonjwa wake waliendelea kutibiwa na madaktari wao. Kipindi chake cha kila wiki ni kama saa mbili na nusu, nyumbani dakika 45 kwa siku. Mfanyakazi wa Dodoma mwenye watoto atakupa dakika kumi. Zipokee, ila usitangaze kwamba darasa lako ni programu ile, wala usikope matokeo ya utafiti wake.

Leseni, naona, usiiachie hata kama huioni faida. Inahuishwa kila mwaka, na Baraza la Madaktari Tanganyika linataka mafunzo endelevu. Wauguzi wana baraza lao. Ukiwa na mkataba wa kulipwa kwa mwezi katika sekta binafsi, notisi si chini ya siku 28. Mtumishi wa umma asome masharti yake ya ajira. Hesabu miezi uliyochangia mfuko wa hifadhi ya jamii, PSSSF au NSSF, kwa kuwa pensheni inadai 180, na aliyebakiza michache afikirie mara mbili. Bima ya NHIF ya kazini nayo inaondoka na kazi, pamoja na ya watoto.

Anza na jioni mbili kwa wiki ukiwa bado kwenye zamu. Kokotoa bei ukichukulia nusu ya nafasi zimejaa: kodi ya ukumbi, mikeka, nauli na muda wako, gawanya kwa sita, si kwa kumi na wawili. Ukumbi ulipie kwa kipindi. Kodi ya mwezi mzima ni ya kuanza pale hao sita watakapokuwa wanakuja bila kupigiwa simu.