Sushi kwanza, rameni baadaye

Japani, kwa kawaida, duka la rameni (tambi ndani ya supu ya moto) ni la rameni, na la sushi (wali wenye siki na samaki, mara nyingi mbichi) ni la sushi. Huku Marekani vimewekwa kwenye menyu moja, na mlaji ndiye anayeachiwa kazi ya kuvipanga. Nawatazama watu wakiagiza vyote kwa mpigo na roho inaniuma, maana kimoja lazima kiharibike mezani. Rameni haisubiri, na sushi haitaki friji wala haraka.

Tambi za rameni hukandwa kwa unga wa ngano, maji, chumvi na kansui, ambayo ni ndugu wa magadi yetu. Hiyo kansui ndiyo inayozipa rangi ya manjano na ule ugumu mtamu wa kutafuna. Zile nyembamba za mtindo wa Hakata, kule Japani, hukaa kwenye maji yanayochemka dakika moja hivi tu, na zikishaingia kwenye bakuli zinaendelea kuiva ndani ya supu. Baada ya dakika kama saba zimevimba na kulegea, na supu imepungua. Kwa hiyo bakuli likifika, kula. Picha moja inatosha. Kuzivuta kwa sauti si utovu wa adabu: hewa inayoingia nazo inazipoza na kupandisha harufu puani.

Ukikaa kaunta utaona mengi. Mpishi makini hupasha bakuli kwa maji ya moto, anamwaga tare (kiungo chenye chumvi, kiasi cha mililita 30), halafu supu ya moto kama mililita 300 hadi 350, mafuta ya harufu kijiko kimoja, ndipo tambi. Tazama anavyozikung'uta. Asipozikung'uta vizuri, maji ya kuchemshia yanaingia bakulini na supu inapooza ladha, kisha mlaji anaongeza pilipili akidhani ndiyo iliyokosekana. Onja supu kabla ya kugusa chochote. Yai nalo linasema ukweli: huchemshwa dakika sita na nusu, likatiwa kwenye maji ya barafu, likamenywa na kulazwa kwenye mchanganyiko wa sosi ya soya na mirini (kileo kitamu cha mchele cha kupikia). Kiini kiwe kizito kama asali. Likiletwa na ubaridi wa friji, linaipoza supu yote.

Kwa Waislamu hapa pana jambo la kuuliza bila aibu. Weupe wa supu ya tonkotsu si maziwa. Ni mifupa ya nguruwe iliyochemshwa kwa moto mkali saa kumi na mbili au zaidi, mpaka mafuta na jelatini vichanganyike na maji. Tori paitan ina rangi ileile lakini ni ya mifupa ya kuku. Hata hivyo usiishie kwenye jina. Uliza mafuta ya juu, nyama ya vipande, na kama tare ina mirini au sake, ambavyo ni vileo. Supu ya miso (soya iliyosagwa na kuchachushwa) au ya sosi ya soya pia mara nyingi huwa na mifupa ya nguruwe chini yake.

Sushi, kwangu mimi, hupimwa kwa wali kabla ya samaki. Vikombe viwili vya mchele wa punje fupi hutaka siki ya mchele robo kikombe, sukari vijiko viwili vya chakula na chumvi kijiko kimoja cha chai, vichanganywe wali ukiwa wa moto, kwa kuukata na mwiko bila kuuponda. Uliwe ukiwa na joto karibu na la mwili. Ukiingia friji wanga wake unakakamaa, na punje zinakuwa ngumu katikati. Samaki aliyegandishwa si kasoro: nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku saba huua minyoo.

Maki (sushi ya kuviringishwa) ya kaa, parachichi na tango, yenye wali nje na mwani ndani, ni chakula halisi cha Amerika Kaskazini, nami naiheshimu. Ninachokikataa ni sosi tamu na mayonezi zilizomwagwa mpaka huoni kilicho chini. Maki ya kamba waliokaangwa iliwe kwanza, maana mvuke wao unalainisha lile ganda la kukaangwa.

Basi agiza sahani moja ya sushi, na vikibaki vipande viwili ndipo uagize rameni. Ukitaka kuongeza tambi, ambazo huitwa kaedama, bakisha supu angalau theluthi. Ukibeba nyumbani, waambie supu na tambi zifungwe mbalimbali. Sushi ya samaki mbichi iliyobaki usiibebe: friji itaukakamaza wali, na nje ya friji samaki hana usalama.