Shairi la Kijana Lina Nafasi Katika Ibada

Katika ibada moja ya vijana usharikani kwetu, binti wa kidato cha tatu alisimama mbele ya madhabahu bila karatasi, akaghani shairi alilolitunga kutokana na Zaburi ya 13, akirudia "hata lini?" kila alipotaja ada isiyolipwa na baba asiyepiga simu, hadi wavulana wa viti vya nyuma, ambao kwa kawaida huinamia simu zao, wakaanza kuitikia pamoja naye. Wapo wazee walioona kuwa huo ni mchezo wa jukwaani. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao, kwa kuwa zaburi zenyewe ni mashairi yaliyoimbwa hadharani, na hapa Tanzania marehemu Mathias Mnyampala alizitia Zaburi na Injili katika tenzi, tena ndiye aliyeieneza ngonjera, ushairi wa kujibizana mbele ya hadhira. Ninachosisitiza ni maandalizi: kijana akae na mchungaji au mwinjilisti, asome sura nzima, wala si mstari mmoja uliompendeza, ndipo atunge kwa lugha yake, hata ikiwa na maneno ya mtaani. Kisha apewe nafasi katika ibada kuu ya Jumapili, kabla ya mahubiri, badala ya kusubirishwa hadi tamasha la Pasaka.