Kisipotee Cho Chote

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii kuna swali limenichosha kuliko kazi zote za nyumbani. Linaanza na salamu njema, "Ugonile, mama," tunashikana mikono mlangoni pa kanisa, halafu sauti inashushwa: "Na binti, bado yupo? Anarudi lini kwake?" Mwanangu amerudi nyumbani kutoka Dar es Salaam na watoto wake. Ndoa imevunjika, na habari zake si za kuandika hapa. Nimeomba, nimelia, na kuna asubuhi nimeona haya hata kwenda sokoni Mwanjelwa, maana maneno ya Mbeya yetu nayajua yanavyotembea.

Katika vitu vichache alivyokuja navyo kulikuwa na kopo la chachu. Si hamira ya dukani. Ni unga wa ngano na maji vilivyoachwa vikachacha vyenyewe, naye huitumia kuokea mikate. Kila anapoiongezea unga na maji mapya, kwanza anatoa sehemu kubwa na kuiweka pembeni, la sivyo ingeongezeka hadi ijaze ndoo. Hiyo inayotolewa ndiyo iliyonikwaza. Unga ni pesa! Nikamwambia hapa kwetu hatumwagi unga. Akacheka, jambo ambalo sikuwa nimelisikia tangu aje: "Mama, nani kasema namwaga?" Jumamosi akaokea keki ya chokoleti.

Nilikaa naye jikoni. Chachu ile ya pembeni imechoka. Haina tena nguvu ya kuinua mkate, imelegea, na harufu yake inakaribia siki. Nilidhani ataufunika ule ukali kwa sukari. Kumbe ukali ndio anaoutaka. Alichanganya unga, kakao, sukari, mayai na mafuta, akatia chachu, na mwisho magadi soda kijiko kidogo kisichojaa. Alisema huku kwetu juu, karibu mita 1,700, keki huumuka upesi kisha ikadidimia katikati, kwa hiyo soda lazima ipunguzwe. Soda ilipokutana na asidi ya chachu, rojo likaanza kutoa mapovu mbele ya macho yangu. Likaingia kwenye sufuria, mkaa kidogo chini, mwingi juu ya mfuniko. Na hiyo kakao nayo ina habari yake, ndugu zetu wa Kyela wanaijua: mbegu mbichi ni chungu, huvundikwa siku 5 hadi 7 ndipo ianikwe, na isipovundikwa, hata ukiikaanga vipi hupati ladha ya chokoleti.

Basi nikakumbuka Yohana 6:12. "Kusanyeni vipande vilivyobaki, kisipotee cho chote." Anayesema hivyo ametoka kulisha watu elfu tano kwa mikate mitano ya shayiri. Angetaka, angefanya mingine kesho yake. Hana shida ya mkate, lakini makombo anayataka.

Najua yupo atakayenijibu kwa Paulo, kwamba tumeambiwa tuitoe chachu ya kale (1 Wakorintho 5:7). Ni kweli, na mstari unaofuata unaitaja kwa jina: chachu ya ubaya na uovu. Hakusema mwanamke ambaye nyumba yake imeanguka. Na ile mikate miwili ya malimbuko katika Walawi 23:17 iliokwa na chachu, ikaletwa mbele za Bwana.

Lakini aliyenishika wiki hii ni Naomi wa kitabu cha Ruthu, aliyefiwa na mume na wanawe wawili ugenini. Aliporudi Bethlehemu mji wote ulitaharuki, na wanawake wakauliza, "Je! Huyu ni Naomi?" Swali hilo nalifahamu. Naye hakujikaza ili kuwafurahisha, hakusema "tunamshukuru Mungu, tupo." Alisema, "Msiniite Naomi, niiteni Mara, kwa sababu Mwenyezi Mungu amenitenda mambo machungu sana." Mara maana yake ni uchungu. Alisema mbele ya watu, na Maandiko hayamkemei. Hakuna mzee aliyemwambia akamalize uchungu wake kwanza ndipo apewe nafasi. Akiwa katika hali hiyo hiyo, ni yeye anayejua ukoo wa Elimeleki, marehemu mumewe, na ni yeye anayemwambia mkwewe Ruthu aoge, ajipake mafuta, ashuke kiwanjani kwa Boazi, jamaa wa ukoo huo. Bila ushauri wa mama huyo aliyerudi mikono mitupu, Obedi, mtoto wa Ruthu na Boazi, atatoka wapi? Na Daudi, mjukuu wa Obedi, je? Fungua sura ya 4 uone: wanawake wa mji ule ule uliouliza "Je! Huyu ni Naomi?" ndio wanaompa mtoto jina wakisema, "Naomi amezaliwa mwana."

Sasa niseme nasi wanawake wa kanisa, na nisionekane mkali. Mwenzetu akirudi nyumbani tunampelekea chai na vitumbua, tunamwombea, halafu tunamkalisha benchi la nyuma. Kwaya, mpaka apoe. Shule ya Jumapili, mpaka aolewe tena. Mjane tunamfunga kanga msibani, na arobaini ikipita hatumwulizi ushauri wa jambo lolote. Tumejifunza kuwahurumia watu ambao Mungu anataka kuwatumia, na huruma ya namna hiyo ni njia ya adabu ya kumtupa mtu. Jiulize: binti anayepigwa na mumewe akija kwetu usiku, nani atakaa naye na kumwambia la kweli? Wengi wetu tutamwambia "vumilia, mwanangu," kisha tuzime taa tulale. Yupo anayejua la kumwambia, naye tumemkalisha nyuma.

Nawe uliyerudi, uwe Tukuyu, Makambako au Iringa mjini, usingoje uchungu uishe ndipo uje. Njoo nao. Ukishindwa kuimba, kaa. Ukitaka kusema kama Mara, sema. Mungu alikwisha kuyasikia maneno hayo, na hakumwacha aliyeyasema.

Wazee wa kanisa, nawaomba jambo moja. Ratiba ya ibada za nyumba kwa nyumba ikipangwa, majina ya hawa yasiishie kwenye orodha ya wanaohitaji maombi. Yaandikwe pia kwenye orodha ya wanaoongoza. Na anayetaka chachu, ipo tele. Aje na kopo lake, mfuniko asiukaze.