Shekeli 17 za Yeremia

Yeremia 29:11 ni mstari unaopendwa sana makanisani kwetu, nasi tunauandika kwenye kalenda na kadi za harusi: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Aya inayoutangulia, inayosema kwamba ahadi hiyo itatimia baada ya miaka 70 ya Babeli, huachwa nje. Nasadiki kwamba tukiiacha tunalipoteza hata tumaini lenyewe, kwa maana nabii huyu hakuwahi kuitenga ahadi ya Mungu na hukumu yake. Sura inayonionyesha jambo hilo waziwazi kuliko zote ni ya 32.

Ulikuwa mwaka wa 10 wa Sedekia, mfalme wa Yuda, yapata 587 KK. Jeshi la Nebukadreza, mfalme wa Babeli, lilikuwa limeuzingira Yerusalemu, njaa na tauni vikiwamaliza watu ndani ya kuta, naye Yeremia amefungwa katika uwanda wa walinzi kwa sababu alisema mji utatekwa na mfalme hataokoka. Ndipo binamu yake Hanameli alipomjia akimwomba anunue shamba lake la Anathothi, kwa kuwa haki ya kulikomboa, yaani kulinunua lisitoke katika ukoo, ilikuwa ya Yeremia. Anathothi ndiko kwao Yeremia, kilomita kama 5 tu kutoka Yerusalemu, upande ambao majeshi ya Babeli yalikuwa yameshautawala. Tena, kwa mujibu wa sura ya 11, watu wa kijiji hicho ndio waliokula njama ya kumwua asitabiri tena kwa jina la BWANA.

Hata hivyo alinunua, na mwandishi anaisimulia shughuli hiyo hatua kwa hatua. Yeremia alipima shekeli 17 za fedha katika mizani, akatia sahihi, akapiga muhuri na kuita mashahidi. Kisha, mbele ya Wayahudi wote walioketi pale uwandani, akamkabidhi karani wake, Baruku mwana wa Neria, hati mbili, moja iliyotiwa muhuri na nyingine iliyo wazi, azitie katika chombo cha udongo zipate kukaa siku nyingi. (Magombo ya Qumran, maandishi ya kale ya Kiyahudi yaliyoanza kupatikana kando ya Bahari ya Chumvi karibu na mwaka 1947, yanathibitisha kwamba mtungi wa udongo unaweza kutunza maandishi kwa takriban miaka 2,000.) Aliyewahi kununua kiwanja mbele ya mwenyekiti wa mtaa ataitambua shughuli hii mara moja, na ataelewa kwamba hakuna anayejisumbua hivyo kwa ajili ya ardhi asiyoamini kwamba itakuwa na mwenyewe kesho.

Kinachonigusa zaidi ni sala yake baada ya kulipa. Anakiri kwamba hakuna neno gumu asiloliweza Mungu, kisha anamwonyesha maboma ya adui yaliyoufikia mji na kumwuliza, kwa heshima lakini bila kuficha, imekuwaje aambiwe anunue shamba. Jibu halilegezi kitu. Mungu anasema mji utachomwa moto, na anataja sababu: uvumba uliofukizwa kwa mungu Baali juu ya dari za nyumba, na watoto waliotolewa kwa mungu Moleki katika bonde la mwana wa Hinomu. Katika maneno hayohayo anaahidi kuwakusanya tena, akisema kwamba kama alivyoleta mabaya haya yote, vivyo hivyo ataleta mema. Nabii wa uongo Hanania, katika sura ya 28, alikuwa ameahidi marejeo ya mateka kutoka Babeli ndani ya miaka 2 bila neno lolote la toba, naye akafa mwaka uleule.

Mji ulichomwa. Yeremia alichukuliwa hadi Misri kinyume cha shauri lake, na hakuna aya inayosema kwamba alilima shamba lile. Juu ya watu wa Anathothi waliomwinda, Mungu alikuwa amesema katika sura ya 11 kwamba hawatasaliwa na mtu yeyote. Hata hivyo, Koreshi, mfalme wa Uajemi, alipoutwaa Babeli mwaka 539 KK na kuwaruhusu mateka warudi, Ezra 2:23 inawahesabu miongoni mwao watu wa Anathothi, 128.