Nilivyoyafuata maua ya Namaqualand

Kabla ya safari kila niliyemuuliza maua huchanua lini alinitajia mwezi. Nenda Agosti, nenda mwanzoni mwa Septemba. Mwezi unasaidia, lakini kilichonifikisha mbele ya maua ni mvua, na mvua nilianza kuifuatilia muda mrefu kabla sijakata tiketi.

Namaqualand iko kaskazini-magharibi mwa Afrika Kusini, katika jimbo la Northern Cape, na sehemu yake kubwa hupata chini ya milimita 250 za mvua kwa mwaka. Bahati yake ni kwamba mvua hiyo kidogo huja wakati wa kipupwe, ardhi ikiwa imepoa, kwa hiyo unyevu haupotei upesi. Mbegu zilizolala mchangani huota, kisha hudai mvua nyingine ndogondogo za kuzifikisha kwenye majira ya machipuko. Mvua moja kubwa ikifuatwa na ukavu haisaidii. Basi nikawa natazama utabiri wa hali ya hewa wa Springbok na Kamieskroon, miji ya huko, kila wiki, na nilipoona Julai bado kunanyesha ndipo nikalipia nyumba ya wageni.

Mwenye nyumba, mama mtu mzima, nilimpigia simu. Sikumuuliza kama maua yapo. Nilimuuliza mvua ya mwisho ilinyesha lini na upepo unatoka upande gani, kwa sababu upepo wa moto unaoshuka kutoka bara ukivuma siku chache tu, bonde zima hunyauka. Akanijibu kwa kirefu, na nadhani maswali hayo yalimfurahisha.

Jambo jingine lililonifaa ni kutokaa mahali pamoja. Maua huanza pwani na kwenye tambarare za chini, kisha hupanda taratibu kuelekea milima ya Kamiesberg. Nieuwoudtville, mji mdogo ulio kusini zaidi juu ya uwanda, una msimu wake na mimea yake, mingi ikiwa ya kuota kutoka kwenye tunguu zilizofukiwa ardhini. Niliuweka mwisho wa ratiba, ili huku chini kukiwa kumekwisha, kule kuwe bado.

Halafu kuna jua, na hapa ndipo wageni wengi hupoteza siku. Deizi za Namaqualand, maua ya jamii ya alizeti, hufunga usiku, hufunga kukiwa na mawingu, hufunga kukiwa na baridi. Ukifika saa mbili asubuhi utaona majani tu na kudhani umedanganywa. Saa zake ni kuanzia saa tano hivi mpaka saa tisa alasiri, siku ya jua kali. Na zikishafunguka hulitazama jua, ambalo upande ule wa dunia mchana huwa kaskazini. Ndiyo maana nililala Springbok, kilomita kama 550 kutoka Cape Town, nikaanza kushuka kusini kwa barabara ya N7, jua likiwa mgongoni na maua yakinitazama usoni. Anayekwenda kaskazini kwa njia hiyohiyo huona visogo vya maua, na rangi hupungua sana.

Katika Hifadhi ya Taifa ya Namaqua, sehemu inayoitwa Skilpad magharibi mwa Kamieskroon, nilisimama nikakosa neno. Deizi za rangi ya chungwa, Dimorphotheca sinuata, zimeenea mlima hadi mlima kama zulia la msikitini, huwezi kuona udongo. Uzuri huo una historia: mengi ya maeneo hayo yalikuwa mashamba ya ngano, na deizi hupenda ardhi iliyowahi kulimwa. Kwa maoni yangu, aliyeishia hapo ameona nusu. Ardhi ambayo jembe halikuigusa haina rangi moja ya kupigia picha, ila aina za mimea ni nyingi mno, na inabidi upige magoti.

Nilipopiga magoti ndipo nikaiona Gorteria diffusa, deizi fupi yenye mabaka meusi kwenye baadhi ya petali. Baka lina vijidoa vinavyong'aa, limefanana na nzi mdogo aliyetua. Nzi dume huja akidhani ni jike, huhangaika juu ya baka, na akiondoka ameshabeba chavua. Nilikaa hapo mpaka miguu ikafa ganzi, nikimtazama mmoja akitoka ua hadi ua.

Hifadhi ya Goegap, karibu na Springbok, ilinipa kingine. Mwongozaji alidondosha maji kidogo juu ya kibweta kikavu cha mbegu cha mmea wa majani manene. Baada ya dakika chache vifuniko vyake vilifunuka vyenyewe, kimoja kimoja, kama nyota. Mmea huo hausambazi mbegu kwa upepo, hungoja matone ya mvua yazirushe, na kukikauka kibweta hufunga tena. Sikuwahi kuona jangwa likifanya hesabu zake wazi namna ile.

Nilizima alama ya mahali kwenye simu kabla ya kupiga picha. Mimea midogo ya majani manene ya huko, hasa ya jamii ya Conophytum, inang'olewa kwa wingi na kuuzwa kwa magendo, na mwizi anahitaji picha moja tu yenye anwani. Kukanyaga nje ya njia nako kuna madhara, maana mingi ina ukubwa wa kokoto na hufanana nazo. Picha za zulia la Skilpad nilizituma kwa ndugu na marafiki jioni ileile. Za mimea ile midogo nimewaonyesha pia, bila kutaja kilima.